Jinsi eksirei inavyofichua dosari zilizojificha ndani ya vyuma vizito

USIKU wa Desemba 28, 1879, dhoruba kali ilikuwa ikivuma kwenye mlango wa mto Tay nchini Scotland wakati gari moshi lililokuwa likielekea mjini Dundee lilipoingia katika daraja refu la reli. Halikufika ng'ambo. Sehemu ya kati ya daraja iliporomoka majini pamoja na gari lenyewe, na hakuna hata mmoja wa waliokuwamo aliyenusurika. Idadi ya waliofariki hukadiriwa kuwa kati ya watu 59 na 75.

Daraja hilo lilikuwa limetumika kwa muda usiotimia miaka miwili. Lilifunguliwa Juni 1878, likasifiwa kuwa refu kuliko madaraja yote duniani wakati huo, na mhandisi aliyelibuni, Thomas Bouch, akatunukiwa cheo cha heshima na Malkia Victoria.

Uchunguzi wa mkasa huo ulibaini makosa mengi: usanifu usiozingatia nguvu za upepo, ujenzi mbovu na utunzaji hafifu. Hata hivyo, ushahidi ulioshangaza wengi ulitolewa na mafundi wa kiwanda kilichotengeneza nguzo za chuma za daraja hilo. Ilielezwa kuwa baadhi ya nguzo zilitoka katika kalibu zikiwa na mashimo ya hewa, na kwamba mashimo hayo yalizibwa kwa mchanganyiko wa nta, ulimbo, unga wa chuma na masizi. Ulipoganda na kusuguliwa, mchanganyiko huo ulifanana na chuma chenyewe. Mkaguzi aliyetegemea macho yake hakuwa na njia ya kuutambua.

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa muda mrefu, hiyo ndiyo iliyokuwa hofu kuu ya kila aliyenunua chuma cha kusubu. Angeweza kukipima, kukigonga kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, lakini hangeweza kuona ndani yake pasipo kukivunja. Na chuma kikishavunjwa, hakifai tena kwa kazi iliyokusudiwa.

Miaka 16 baada ya mkasa wa Tay, mwanasayansi mmoja nchini Ujerumani aligundua miale iliyokuja kulitatua tatizo hilo. Wengi wetu tunaifahamu miale hiyo kwa sababu ya hospitali, pale mtu anapovunjika mfupa. Viwandani, miale hiyo hiyo huitumikia kazi ya kupekua vyuma vyenye uzani wa maelfu ya kilo.

Kasoro hutoka wapi?

Kusubu ni kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu ili kigande kwa umbo linalotakikana. Ni ufundi mkongwe, na hadi leo ndiyo njia nafuu ya kutengeneza vipande vikubwa vyenye maumbo tata: makasha ya mashine zinazozungushwa kwa mvuke, vali za mabomba ya mafuta na gesi, rafadha za meli, fremu za magari ya reli na magurudumu yanayozungushwa kwa maji ili kuzalisha umeme. Mitambo ya umeme kama ile ya mvuke wa ardhini iliyoko Olkaria, au ya maji katika bwawa la Gitaru, huhitaji vipande vya aina hii.

Kwa kawaida kalibu ya kipande kikubwa huundwa kwa mchanga ulioshindiliwa na kugandishwa kwa kemikali au udongo. Mahali panapotakiwa kuwa na uwazi huwekwa kiini cha mchanga. Kisha chuma cha pua kilichoyeyuka, chenye joto linalokaribia nyuzi 1,600 za Selsiasi, humiminwa.

Hapo ndipo matatizo huanzia. Chuma kinapoganda hujikunyata. Chuma cha pua hupungua ujazo kwa takriban asilimia 3 kinapotoka katika hali ya majimaji hadi kuwa kigumu, na alumini hupungua kwa kiasi kikubwa zaidi. Upungufu huo ni lazima ujazwe kwa chuma kingine kilichoyeyuka. Kwa hivyo mafundi huacha juu ya kalibu hifadhi za chuma cha ziada, ambazo huganda mwisho na kukilisha kipande kinapoendelea kujikunyata. Zikiwa ndogo au zikiwekwa mahali pasipofaa, sehemu nene iliyo katikati ya kipande huganda ikiwa na njaa, na matokeo yake ni mapango na vijitundu vilivyosambaa kama mizizi.

Kasoro ya pili husababishwa na gesi. Chuma kilichoyeyuka huweza kubeba gesi nyingi, hasa haidrojeni, kuliko chuma kigumu. Kinapoganda, gesi hiyo hutafuta njia ya kutoka. Ikikosa, hunaswa na kuacha mapovu ya mviringo. Unyevu katika mchanga wa kalibu huzidisha tatizo hili.

Tatu, mchanga unaweza kumomonyoka kutoka kwenye kuta za kalibu na kuchukuliwa na mkondo wa chuma. Vivyo hivyo, mavi ya chuma, yaani takataka zinazoelea juu ya chuma kilichoyeyuka, huweza kuingia ndani na kubaki humo.

Nne, kipande kinaweza kuchanika kikiwa bado na moto mkali, iwapo sehemu moja inajikunyata huku nyingine ikizuiwa na kalibu. Kinaweza pia kupasuka baadaye kinapopoa. Na mikondo miwili ya chuma ikikutana ikiwa imekwisha kupoa mno, hushindwa kuungana, na mshono usioonekana kwa urahisi hubaki kati yake.

Si kila kasoro ni ya kuogofya. Povu dogo la mviringo katika sehemu isiyobeba mzigo huenda lisilete madhara yoyote. Lakini ufa wenye ncha kali ni hatari, kwa kuwa nguvu zote hukusanyika kwenye ncha hiyo. Kila mara mashine inapowashwa na kuzimwa, au wimbi linapoipiga meli, ufa huo husogea kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bomba la mvuke wenye shinikizo kubwa huenda asisalie mjenzi.

Kutoka Würzburg hadi kwenye viwanda

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale hiyo mnamo Novemba 8, 1895, katika Chuo Kikuu cha Würzburg. Kwa kuwa hakuijua asili yake, aliipa jina la X, herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Picha iliyomletea umaarufu ni ile ya mkono wa mkewe, ikionyesha mifupa na pete kidoleni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa tangu mwanzo Röntgen aliielekeza miale hiyo kwenye vyuma pia. Katika taarifa yake ya kwanza alitaja kipande cha metali ambacho miale ilionyesha kuwa hakikuwa sawa kote ndani yake. Mwaka uliofuata alipiga picha ya bunduki yake ya kuwinda. Hakuchukua hataza ya ugunduzi wake, na mwaka wa 1901 akawa mtu wa kwanza kupokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Hata hivyo, mirija ya eksirei ya wakati huo ilikuwa dhaifu na isiyotabirika. Mabadiliko yalikuja mwaka wa 1913, pale William Coolidge wa kampuni ya General Electric nchini Marekani alipounda mrija unaotumia waya wa tangsteni uliopashwa moto. Kwa mara ya kwanza mtumiaji aliweza kudhibiti nguvu na wingi wa miale apendavyo.

Mwaka wa 1922, Horace Lester alianzisha maabara ya eksirei katika ghala la silaha la jeshi la Marekani huko Watertown, jimbo la Massachusetts. Kwa mtambo wa volti 200,000, aliweza kupenya chuma cha pua chenye unene wa takriban inchi tatu. Miongoni mwa vyuma alivyokagua ni vipande vya kusubu vilivyokusudiwa kwa kituo cha umeme wa mvuke karibu na jiji la Boston, ambacho kilibuniwa kutumia shinikizo kubwa kuliko ilivyozoeleka. Kazi yake ndiyo inayohesabiwa kuwa chimbuko la ukaguzi wa vyuma vya kusubu kwa eksirei katika viwanda vya Marekani.

Miaka michache baadaye, jeshi la majini la Marekani lilikabiliwa na tatizo jingine. Manowari zake mpya za tani 10,000 zilikuwa na nguzo kubwa za kusubu kwenye tezi, zinazoshikilia usukani. Zilikuwa nene kupita uwezo wa mirija ya eksirei iliyokuwapo. Robert Mehl na wenzake katika Maabara ya Utafiti ya jeshi hilo walitumia radiamu, ambayo hutoa miale ya gama, jamaa wa karibu wa eksirei lakini wenye nguvu zaidi. Picha zao zilifichua kasoro ambazo hakuna aliyezishuku.

Tangu hapo uwezo umezidi kukua. Mwaka wa 1940, Donald Kerst wa Chuo Kikuu cha Illinois aliunda betatroni, mtambo unaozungusha elektroni hadi zipate nguvu za mamilioni ya volti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tanuri za nyuklia zilianza kutoa kobalti na iridiamu zenye mnururisho, ambazo zilikuwa rahisi kupatikana kuliko radiamu.

Picha hupatikanaje?

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Chanzo cha miale huwekwa upande mmoja wa kipande cha chuma, na filamu au kifaa cha kunasa picha huwekwa upande wa pili. Miale husafiri kwa mstari ulionyooka. Sehemu ya miale hiyo humezwa na chuma, na inayobaki huifikia filamu na kuitia weusi.

Penye pango ndani ya chuma, miale hukutana na chuma kidogo, hivyo mingi zaidi hupita. Kwa sababu hiyo povu huonekana kama doa jeusi. Mchanga na mavi ya chuma pia huonekana vyeusi kwa kuwa ni vyepesi kuliko chuma. Kinyume chake, kitu kizito kuliko chuma huacha doa jeupe.

Ugumu ni kuwa chuma humeza miale kwa kasi. Wataalamu hukadiria kwa kutumia unene unaopunguza miale kwa nusu. Kwa miale ya kobalti-60, unene huo ni takriban milimita 21 za chuma cha pua. Kwa hivyo kipande cha milimita 105, ambacho ni tabaka tano za aina hiyo, hupitisha sehemu moja tu kati ya 32. Kipande cha milimita 210 hupitisha sehemu moja kati ya 1,024. Ndiyo maana kukipiga picha kipande kinene huweza kuchukua saa nyingi.

Uteuzi wa chanzo hutegemea unene. Mtambo wa kawaida wa eksirei wa volti 300,000 hufaa kwa vyuma vya pua vyenye unene wa sentimita chache. Iridiamu-192 hutumiwa zaidi kwa unene wa takriban milimita 20 hadi 100, na kobalti-60 kwa milimita 40 hadi 200. Kwa vipande vinene kuliko hivyo huhitajika mtambo wa kuharakisha elektroni, unaotoa eksirei ya nguvu za mamilioni ya volti.

Kila chanzo kina faida na gharama zake. Mtambo wa eksirei huhitaji umeme lakini huzimwa kwa swichi, na picha zake huwa na utofauti bora wa weusi na weupe. Iridiamu na kobalti hubebwa katika kasha dogo na hufaa mahali pasipo na umeme, lakini hazizimiki. Isitoshe, nguvu zake hufifia. Iridiamu hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya siku 74, na kobalti kila baada ya miaka mitano na zaidi kidogo.

Vivuli, umbali na ukungu

Anayepiga picha ya chuma hukumbana na matatizo yale yale ya mtu anayetengeneza vivuli ukutani kwa kutumia taa. Mkono ukiwa karibu na ukuta, kivuli huwa na kingo kali. Ukisogezwa karibu na taa, kingo huingia ukungu. Taa ikiwa kubwa, ukungu huzidi.

Kwa hivyo chanzo cha miale hutakiwa kiwe kidogo iwezekanavyo na kiwe mbali, nayo filamu ishikamane na chuma. Lakini umbali una bei yake. Ukiuongeza maradufu, miale inayoifikia filamu hupungua hadi robo, na muda wa kupiga picha huongezeka mara nne.

Tatizo jingine ni miale inayotawanyika. Ndani ya chuma kinene, miale mingi hugongana na atomi na kubadili mwelekeo. Ikifika kwenye filamu hutandaza weusi usio na maana, kama vumbi kwenye kioo. Ili kuipunguza, filamu huwekwa kati ya karatasi nyembamba za risasi. Risasi hiyo humeza miale dhaifu iliyotawanyika, na papo hapo hutoa elektroni zinazoiongezea filamu nguvu.

Vipande vya kusubu huleta changamoto ya ziada kwa kuwa unene wake hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Picha inayoonyesha vyema sehemu nene huiunguza sehemu nyembamba hadi ikawa nyeusi tititi. Wataalamu hukabiliana na hali hiyo kwa kuweka filamu mbili zenye wepesi tofauti katika mfuko mmoja, au kwa kupiga picha nyingi kutoka pembe mbalimbali. Kasha moja kubwa la mashine ya mvuke huweza kuhitaji makumi ya picha, na kila moja hupewa alama za risasi zinazoonyesha inatoka sehemu ipi.

Je, mkaguzi atajuaje kuwa picha yake inaweza kuonyesha kasoro ndogo? Huweka juu ya chuma kipimo maalumu, ambacho ni bamba jembamba lenye matundu au safu ya nyaya zinazopungua unene. Kiwango kinachotumiwa sana ni cha asilimia 2. Kwa chuma cha milimita 100, bamba huwa la milimita mbili, nalo tundu lenye kipenyo cha milimita nne ni lazima lionekane. Lisipoonekana, picha hukataliwa hata kama haionyeshi dosari yoyote, kwa sababu ukimya wake hauthibitishi chochote.

Kuisoma picha

Kupiga picha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuisoma, na hapo ndipo uzoefu hudhihirika.

Msomaji huketi katika chumba chenye mwanga hafifu, akaiweka filamu mbele ya taa kali. Mapovu ya gesi humtokea kama madoa meusi ya mviringo yenye kingo laini. Mapango ya kujikunyata huonekana kama mawingu, manyoya au matawi ya mti. Mchanga huwa na umbo lisilo na mpangilio. Mchaniko wa moto ni mstari mweusi uliopindapinda na kugawanyika, ilhali ufa huwa mwembamba na ulionyooka zaidi. Vishikizo vya chuma vilivyotumiwa kukitegemeza kiini, vikikosa kuyeyuka, huacha alama ya umbo lake.

Ili maoni ya msomaji mmoja yasitofautiane na ya mwingine, kuna picha za marejeleo. Zile za shirika la viwango la ASTM la Marekani kwa vyuma vya pua vya kusubu zimegawanywa kwa unene: hadi milimita 51, kutoka hapo hadi 114, na kutoka 114 hadi 305. Kasoro hupewa herufi, A ikiwa ya gesi, B ya mchanga na mavi ya chuma, C ya kujikunyata, na kuendelea. Makundi hayo matatu hupangwa kwa ngazi tano za ukali. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, nalo lina kanuni yake ya kukagua vyuma vya kusubu kwa njia hii, yenye nambari 4993.

Mnunuzi na mwenye kiwanda hukubaliana mapema ni ngazi ipi itakayokubalika na katika sehemu zipi. Kwenye shingo ya vali inayobeba shinikizo kali huenda wakadai ngazi ya kwanza au ya pili, na kwenye miguu yake wakaridhia ya tatu. Nyufa na michaniko kwa kawaida hazisamehewi.

Wakaguzi wenyewe hupitia mitihani. Chini ya kanuni ya ISO 9712 kuna ngazi tatu. Wa ngazi ya kwanza hufanya kazi kwa maelekezo, wa pili huruhusiwa kufasiri picha na kutoa uamuzi, naye wa tatu huandika taratibu na kuwasimamia wengine.

Kasoro ikionekana, kipande hakitupwi mara moja. Mara nyingi mafundi huchimba sehemu iliyoharibika hadi kufikia chuma kizima, huijaza kwa kuchomelea, hukipasha kipande joto ili kutuliza nguvu zilizojibana ndani, kisha hukipiga picha upya. Picha za kwanza pia humfunza mwenye kiwanda. Zikionyesha pango mahali pale pale katika vipande vitatu mfululizo, tatizo halimo katika chuma bali katika kalibu, na hifadhi ya kulisha haina budi kuhamishwa au kupanuliwa.

Mipaka yake

Eksirei si mganga wa kila ugonjwa. Udhaifu wake mkubwa ni kwa nyufa. Ufa uliolala sambamba na mwelekeo wa miale huonekana wazi, lakini uliokingama huweza kupita bila kuacha alama, kwani haupunguzi unene wa chuma kwa kiasi cha kutambulika. Aidha, picha ya kawaida huonyesha kasoro ilipo kwa upana na urefu, bali si kina chake.

Kwa sababu hiyo viwanda huitumia pamoja na mbinu nyingine. Mawimbi ya sauti isiyosikika hutumwa ndani ya chuma, na mwangwi wake huonyesha kina cha kasoro na kuzinasa nyufa ambazo eksirei imezikosa. Unga wa sumaku huonyesha nyufa zilizo juu au karibu na uso wa chuma kinachovutwa na sumaku. Rangi ya kupenya hufichua zilizofunguka juu. Mkaguzi mwenye busara hajigambi kwa chombo kimoja.

Miale inayoua

Miale inayoweza kupenya chuma haishindwi na mwili wa mwanadamu, na historia ya kazi hii ina makaburi yake.

Mwaka wa 1984, huko Mohammedia nchini Morocco, chanzo cha iridiamu-192 kilichotumiwa kukagua viungo vya mabomba kilidondoka kutoka kwenye kifaa chake. Mtu mmoja alikiokota, akakipeleka nyumbani pasipo kukijua. Watu wanane walifariki. Mwaka wa 1999, mchomeleaji katika mradi wa umeme wa maji wa Yanango nchini Peru alikiokota chanzo kama hicho na kukitia katika mfuko wa nyuma wa suruali. Aliponea, lakini alipoteza mguu. Mwaka wa 2000, mkulima wa kijiji cha Meet Halfa nchini Misri alikiweka nyumbani kipande alichokiokota, na yeye pamoja na mwanawe mdogo wakafariki.

Mikasa hiyo mitatu inafanana. Kipande kidogo cha chuma kinachong'aa, kisicho na harufu, kilitoka katika hifadhi yake na hakuna aliyehakikisha kwa kipimo kuwa kimerejea. Kifaa cha kupima mnururisho kingewaonya waliohusika katika sekunde chache.

Kwa hivyo kanuni za usalama ni tatu: punguza muda, ongeza umbali na weka kizuizi. Viwandani, picha hupigwa ndani ya vyumba vyenye kuta nene za zege na milango inayokata umeme ikifunguliwa. Kila mfanyakazi huvaa kipimo cha kuhesabu mnururisho aliopata. Mwongozo wa kimataifa ni kuwa mfanyakazi asizidishe wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida milisiverti moja.

Hapa Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka wa 2019 ilichukua mahali pa sheria ya zamani ya kujikinga dhidi ya mnururisho ya mwaka wa 1982, ikabuni mamlaka ya KNRA. Yeyote anayetaka kumiliki au kutumia vyanzo hivi hupaswa kupata leseni ya mamlaka hiyo.

Ni vyema kuondoa hofu moja isiyo na msingi. Chuma kilichopigwa picha kwa eksirei au gama za kawaida za viwandani hakibaki na sumu ya mnururisho. Hatari i katika chanzo, si katika chuma kilichokaguliwa.

Enzi ya kompyuta

Katika viwanda vingi filamu imeanza kuipisha teknolojia ya dijitali. Bamba la kielektroniki hupokea miale na kuonyesha picha kwenye kompyuta baada ya muda mfupi, pasipo kemikali za kusafishia filamu. Katika utengenezaji wa magurudumu ya alumini ya magari, picha hutazamwa papo hapo huku gurudumu likizungushwa, na programu za kompyuta husaidia kutenga yenye dosari.

Hatua kubwa zaidi ni kukata picha kwa tabaka, mbinu iliyoanzia katika tiba. Waanzilishi wake, Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg nchini Afrika Kusini, walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 1979. Kipande huzungushwa polepole mbele ya miale, picha nyingi huchukuliwa, na kompyuta huziunganisha kuwa umbo kamili linaloweza kupasuliwa kwenye kioo bila kuguswa kwa msumeno. Nchini Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer ina mtambo wa aina hiyo unaotumia nguvu za volti milioni tisa, na unaweza kuchunguza gari zima.

Hata hivyo, hakuna mtambo unaoweza kuchukua mahali pa uaminifu. Mwaka wa 2021, mtaalamu wa metali katika kiwanda kimoja cha kusubu jimboni Washington, Marekani, alikiri mahakamani kuwa alighushi matokeo ya vipimo vya uimara wa vyuma vilivyotumiwa katika nyambizi za jeshi la majini. Udanganyifu huo ulidumu kwa zaidi ya miongo mitatu. Vipimo vilivyohusika havikuwa vya eksirei, lakini funzo ni lile lile: chombo husema ukweli kwa anayetaka kuusikia.

Mafundi wa daraja la Tay walijua kuwa nguzo zao zilikuwa na mashimo. Waliokosa kujua ni mkaguzi aliyeziidhinisha na abiria waliokata tikiti usiku ule. Leo mnunuzi wa vali, rafadha au gurudumu la mtambo wa umeme ana uwezo ambao watu wa mwaka wa 1879 hawakuwa nao. Anaweza kudai picha, akatazama kama kipimo cha ubora kinaonekana, akasoma jina na ngazi ya aliyeitia sahihi. Asipofanya hivyo, nta na masizi bado vinapatikana sokoni.